Kutoboa lipsi: kabla hujaenda, na miezi miwili ya baada ya hapo

Nianze na kosa langu mwenyewe maana ndo limenifundisha karibu kila kitu ntakachokuambia hapa. Mara ya kwanza natoboa lipsi nilikuwa chuo mwaka wa pili, tumetoka Kariakoo kununua viatu wasichana watatu, mmoja akasema jamani twendeni tukatoboe, tukaingia saluni moja uchochoroni, dada wa watu akatoa ile bunduki ya kutobolea masikio akaipitishia spiriti, tah, tukalipa tukasepa. Yani viatu tulizunguka maduka sita, afu mtu wa kututoboa mdomo tukachukua wa kwanza tuliyemkuta. Siku ya nne mdomo umetuna kama nimeumwa na nyigu, kipini chenyewe kilikuwa kifupi cha sikio kwaiyo nyama ikapanda ikakimeza, nikipitisha ulimi kwa ndani sikigusi tena. Nikaishia hospitali, wakachana kidogo wakakitoa, vidonge wiki nzima, na mama akajulia hapo hapo. Mara ya pili nilijipanga miezi minne, na hiyo ya pili ndo ninayo mpaka leo, mwaka wa tatu huu.

Sasa kama na wewe umeshaamua, tuanze na swali ambalo watu wanaliruka: unatoboa wapi hasa. Mdomo una sehemu nyingi. Kuna chini katikati, chini pembeni, kuna zile mbili za chini kulia na kushoto wanaziita snekibaiti, kuna ya juu pembeni inaitwa Monroe kwa sababu inakaa pale pale alipokuwa na kidoti Marilyn Monroe, na kuna ya juu katikati chini ya pua wanaita Medusa. Kama ndo mara yako ya kwanza chukua moja tu. Snekibaiti ni nzuri sipingi ila ni vidonda viwili kwa mpigo, mdomo mzima unavimba, huna hata upande wa kutafunia. Chini pembeni ndo rahisi kuishi nayo, ila cheki kwanza fizi zako, ntarudi hapo.

Afu kuna watu ambao kabla ya kutoboa wakaongee na daktari kwanza na sio utani. Mwenye tatizo la moyo, hasa valvu, vile vimilango vya damu moyoni, huyo bakteria wa mdomoni wakiingia kwenye damu wanaweza kwenda kukaa moyoni. Mwenye kisukari kisichotulia, kidonda kitachelewa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito subiri ujifungue, mwili wako una kazi ingine saivi. Na sisi weusi tuna hii ishu ya keloidi, yale makovu yanayotuna na kuendelea kukua kuliko kidonda chenyewe. Jiangalie mwilini: kovu ulilopata ukitoboa masikio, kovu la upasuaji, la chunusi kifuani, yakoje? Kama yako au ya mama yako na ndugu zako yanatuna hivyo, mi ningekuambia achana nayo, maana keloidi ya usoni kuitibu ni safari ndefu na ikikatwa hovyo inarudi kubwa zaidi. Halafu chanjo ya homa ya ini aina B, inachomwa mara tatu ndani ya miezi sita hivi, kama hujachoma ni nzuri uwe nayo hata kama hutoboi kitu.

Kumtafuta mtoboaji ndo panapotaka muda. Usiende na hela siku ya kwanza. Nenda kuangalia tu, uliza maswali, mtu anayejua kazi yake anapenda kuulizwa, anayekasirika ukimuuliza habari za sindano huyo keshakujibu. Kitu cha kwanza, anatumia sindano yenye tundu katikati, ya mtu mmoja, ipo kwenye pakiti yake imefungwa na anaifungua ukiwa unaona, akimaliza anaitupa kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Bunduki ikatae kabisa. Ile imetengenezwa kwa ndewe ya sikio, inasukuma msumari butu kwa nguvu ya springi, kwenye mdomo inapasua nyama badala ya kuikata, na plastiki yake haiwezi kuingizwa kwenye mashine ya kuua vijidudu ikatoka salama, kwaiyo ile spiriti wanayofuta ni mapambo tu. Cha pili muulize vifaa vingine kama koleo anavisafishaje. Jibu unalotaka kulisikia ni otoklevu, ile mashine ya mvuke wa presha, inafika nyuzi 121 na kukaa hapo dakika kumi na tano au zaidi. Akikuambia anachemsha kwenye sufuria au analoweka kwenye Dettol, muage kwa heshima. Cha tatu glavu mpya, na uangalie kama akishika simu anazibadilisha. Mi nilimwacha mmoja kwa sababu hiyo tu, kazi zake nzuri, studio inanukia, ila kapokea simu na glavu akarudi kumshika mteja sikio.

Na hili lishike hata kama hutolitumia: ikitokea umeshatobolewa afu ukagundua sindano ilikuwa imetumika kwa mtu mwingine, usikae nyumbani unaomba Mungu tu. Kuna dawa za kinga ya VVU zinazotolewa hospitali, lazima uanze ndani ya saa 72 na kadri unavyowahi ndo bora, siku hiyo hiyo nenda.

Kipini chenyewe. Hapa ndo nilipoumia mara ya kwanza so nisikilize. Unachotaka ni kile chenye kisahani bapa nyuma, kinakaa ndani ya mdomo kikigusa fizi, mbele ndo kuna gololi au kito. Madini yawe titaniamu ya kiwango cha kuwekwa mwilini, muulize kama ni ASTM F136, hicho ndo kiwango chenyewe, akikushangaa basi kipini hicho kimetoka kwenye kopo la elfu elfu. Dhahabu halisi ya kareti 14 nayo fresh kama una hela. Fedha usiweke kwenye kidonda, inachujuka na inaweza kuacha doa jeusi ndani ya ngozi lisilotoka. Vile vya kung'aa vya bei chee vina nikeli na nikeli ndo inawafanya watu wengi wawashwe na kutoka vipele, afu wanasema ngozi yangu haipendi kutobolewa, kumbe ngozi haipendi bati. Unene wa kawaida ni milimita 1.2. Urefu ndo siri ya jambo zima: cha kuanzia lazima kiwe kirefu kuliko unavyopenda, milimita 10 mara nyingi, wengine mpaka 12, kwa sababu mdomo UTAVIMBA na unahitaji nafasi. Utajiona una kijiti kinaning'inia kama antena, vumilia, ni wiki chache. Pete ile ya kuzunguka usianze nayo, inazunguka kila ukiongea na kila ikizunguka inaingiza uchafu kwenye kidonda. Pete itakuja baadaye.

Siku ya kutoboa kula. Kula chakula cha maana saa moja mbili kabla, wanaozimia kwenye kiti wengi ni wale waliokwenda na njaa na woga. Pombe usinywe tangu jana yake, aspirini pia acha kama haujaandikiwa na daktari, zote zinafanya damu itoke zaidi. Piga mswaki vizuri ukiwa nyumbani. Ukifika atakusukutulisha dawa, atafuta ngozi, atakuwekea kialama cha kalamu. SIMAMA. Chukua kioo, cheka, funga mdomo, ongea, uone kialama kipo unapotaka hata ukicheka, maana mdomo ukiwa umetulia na mdomo unaocheka ni vitu viwili tofauti. Mi nilimfanya afute mara tatu na hakulalamika. Mzuri atakuangalia na ndani pia, kuna mishipa ya damu mdomoni na kuna ule uzi wa nyama unaoshika mdomo na fizi, vyote anavikwepa. Afu anakuambia vuta pumzi, toa, na wakati unatoa sindano imeshapita. Maumivu? Ni kama umejing'ata mdomo ukiwa unakula nyama choma kwa pupa, kali ila fupi, macho yanatoa machozi yenyewe. Damu kidogo kawaida.

Sasa kazi yako inaanza. Siku tatu mpaka tano za mwanzo ndo uvimbe uko juu, unaamka asubuhi umekuwa mtu mwingine, picha usipige. Nyonya vipande vya barafu, usitafune. Ibuprofen inasaidia maumivu na uvimbe pia kama huna vidonda vya tumbo wala kitu kingine kinachokukataza. Lala kichwa kimeinuka, mito miwili, na sio kifudifudi. Usafi ni hivi: nje unasafisha mara mbili kwa siku kwa maji ya chumvi ya hospitali, yale wanayoita normal saline ya asilimia 0.9, yale yale ya dripu, yapo maduka ya dawa, mi nilinunua chupa la nusu lita na ukilifungua limwagie kwenye kichupa kisafi kidogo kidogo, usichovye vidole humo. Lowesha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, weka kwenye kipini dakika chache mpaka ule ukoko ulainike, futa taratibu, kausha. Pamba ya kawaida inaacha nyuzi zinajizungusha kwenye kipini, iache. Ukikosa kabisa saline chemsha maji, pima kikombe kimoja cha robo lita, tia chumvi robo kijiko cha chai, basi. Watu wanatia kijiko kizima wakidhani chumvi nyingi ndo dawa kali, matokeo yake ngozi inakauka inachubuka. Ndani unasukutua kila ukimaliza kula na kabla ya kulala, kwa maji safi au saline au maji ya kusukutulia yasiyo na alkoholi, sekunde thelathini hivi. Ukisukutua kupita kiasi ulimi unaanza kuwa mweupe, hapo punguza. Nunua mswaki mpya laini.

Na usiweke vitu. Spiriti hapana, haidrojeni peroksaidi hapana, Dettol hapana, mafuta ya mawese, kitunguu swaumu, dawa ya meno, unga wa kapsuli ya antibiotiki (hii nimeiona kwa macho yangu hosteli), hapana. Vingi vinaunguza ngozi mpya inayojaribu kuota. Usikizungushe kipini pia, ule ushauri wa bibi zetu wa kuzungusha hereni isigande ulikuwa wa uzi na kijiti cha ufagio, kipini cha titaniamu hakigandi.

Chakula wiki ya kwanza: mtindi, parachichi, ndizi mbivu, viazi vilivyopondwa, uji uliopoa, tena POA kabisa, aiskrimu kama una mtu wa kukununulia. Achana kwa muda na mihogo ya kukaanga na chachandu, embe na pilipili, ndimu, supu inayotoa moshi, mahindi ya kuchoma, chai ya kuunguza. Ukirudi kwenye ugali kata tonge dogo, fungua mdomo polepole, tafuna na magego. Kunywa kwa glasi kuliko mrija, na chombo kiwe chako mwenyewe. Sigara na shisha acha mpaka kipone, najua, ila moshi wa moto juu ya kidonda hata wewe fikiria. Kubusiana pia hapana na chochote kingine cha mdomo na mtu mwingine, mate ya mwenzio yana bakteria wake sio wako, mwambie asubiri, wa kweli atasubiri wiki sita nane. Coco Beach na mabwawa ya kuogelea vivyo hivyo. Kama unafunga Ramadhani, mi ningesema toboa baada ya Idi, maana siku hizo za kwanza unahitaji kula vitu laini mchana, barafu, vidonge na kusukutua, utajipa mtihani bure.

Vitu vidogo vya mtaani ambavyo hakuna aliyeniambia: helmeti ya bodaboda, ile ya kuvaa inayopita usoni, inashika kipini ukiivua na harufu yake mwenyewe unaijua, so wiki mbili panda bajaji. Daladala saa kumi na mbili jioni jilinde na viwiko. Fulana ya shingo nyembamba ivalie kwa mkono mmoja mbele ya uso. Taulo lining'inie mbali na mdomo. Na foundation na lipstiki zisikaribie tundu.

Sasa tofauti ya kawaida na hatari, maana usiku wa manane utajishuku. Kawaida ni uvimbe, wekundu kidogo, kuwasha, na majimaji meupe au ya njano hafifu yanayokauka yanakuwa ukoko, huo sio usaha, ndo mwili unavyojenga. Kibonge kidogo pembeni ya tundu nacho mara nyingi ni hasira tu za kipini kirefu kinachochezacheza, sio keloidi. Hatari ni usaha mzito wa njano iliyokolea au kijani, wenye harufu, joto linalopanda, maumivu yanaongezeka siku ya tano sita wakati yalikuwa yameanza kupungua, mistari myekundu inatambaa kutoka kwenye kidonda, tezi za chini ya taya zimevimba, homa. Hapo ni hospitali sio status. Na kabla hujafika huko usikitoe kipini mwenyewe, tundu linaweza kujifunga juu na usaha ukabaki ndani ukawa jipu, mwache daktari aamue. Ukivimba mpaka ukashindwa kumeza au kupumua vizuri hiyo ni dharura, usisubiri asubuhi.

Kuhusu nyumbani. Kama hujafika 18 mtoboaji wa maana atakutaka uje na mzazi, na akikukubali bila kuuliza mshuku. Kama umefika bado kuna mama. Wangu alisema nimeiga wazungu. Nikamkumbusha kwamba mama yake babu, kule kwao Newala, alikuwa na ndonya, kile kisahani cha mpingo kwenye mdomo wa juu, na tundu lake lilianza dogo la kijiti tu tangu yuko binti wakawa wanaongeza taratibu miaka na miaka. Sisi Wamakonde tumetaniwa kwa ndonya na chale tangu shule ya msingi, nenda Mwenge kaangalie vinyago utamkuta bibi mwenye ndonya hapo anauzwa kwa watalii. Waturkana wa Kenya nao walitoboa mdomo wa chini, Wamursi wa Ethiopia mpaka leo. Mama alinyamaza, hakukubali, alinyamaza. Ila ukweli ni kwamba kazini na kanisani haujibu na historia, kwaiyo jua mapema ofisi yako inasemaje, maana wiki nane za mwanzo HUKITOI hata kwa usaili wa dakika ishirini, tundu la mdomo likiwa bichi linaanza kujifunga ndani ya masaa. Kikishapona kuna vipini vya kioo angavu, mbali kidogo havionekani.

Wiki ya tatu nne hivi, uvimbe ukiisha kabisa, rudi kwa yule yule mtoboaji akubadilishie kifupi, milimita 8 kwa wengi, apime yeye. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu wanaona wameshapona na wanabana elfu kumi na tano, na ndo inayoharibu meno. Kijiti kirefu unaanza kukichezea na ulimi, unakigonga kwenye meno ukiwa unawaza, kisahani kinapanda kinashuka kwenye fizi, miezi inapita, siku moja unaona jino moja la mbele limekuwa refu kuliko mwenzake. Halijawa refu. Fizi imerudi chini, na fizi ikirudi haioti tena. Wengine jino linameguka kabisa. Kwaiyo kifupi kwa wakati, acha kukichezea, na kila ukipiga mswaki inua mdomo uangalie fizi pale kisahani kinapogusa. Ukienda kwa daktari wa meno mwambie akuangalie hapo. Ukiona fizi inashuka kitoe, hata kama kinakupendeza namna gani. Kishimo kidogo ndani ya mdomo ambacho kisahani kimejilaza ni kawaida, ila ukiona nyama inaanza kukifunika kimbia kwa mtoboaji siku hiyo, hiyo ndo hadithi yangu ya Kariakoo inaanza.

Kupona juu juu ni wiki sita mpaka nane, ndani kabisa ipe miezi mitatu kabla ya kuanza kubadilisha badilisha mapambo. Kila asubuhi nawa mikono ukaze gololi, zinalegea zenyewe. Mi nimeshameza moja na wali maharage, haina shida, inatoka kwa njia yake, ila ukikohoa sana baada ya kuipoteza au kifua kikaanza kupiga mluzi basi imeenda njia ya hewa, hospitali haraka. Weka gololi ya akiba kwenye pochi.

Na ukija kuchoka nacho unakitoa tu, tundu litasinyaa lenyewe, kitabaki kidoti. Changu cha kwanza kipo hapo kushoto, kama mtu kanigusa na ncha ya kalamu, nakipaka foundation siku nikikumbuka.